Mkutano wa Majimbo na Wageni wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, hiyo ni juu yake na macho yake. Mimi sikumtuma afananishe. Ni nchi nzuri. Ina majimbo, kila jimbo lina gavana, kila gavana ana king'ora, na juu ya magavana wote yuko Mtukufu Rais, ambaye hana king'ora kwa sababu anapopita yeye barabara hufungwa tangu asubuhi na hakuna aliyebaki wa kupigiwa.

Jimbo dogo kuliko yote linaitwa Mabungo. Watu wake wanafuga ng'ombe na kupasua mbao, na serikali huwakumbuka kila inapotokea sherehe ya kitaifa inayohitaji nyama. Mwaka mmoja Mtukufu Rais aliamua kuwarudishia fadhila kwa kuwapa fahali wa mbegu. Fahali alikuja kwa ndege, amevishwa skafu ya rangi za bendera, akapokewa kwa ngoma, na gavana akamsomea risala. Wafugaji wakaleta majike yao. Msimu ukapita, na mwingine ukapita, na hakuna ndama hata wa kusingizia.

Ndipo mtangazaji wa redio ya jimbo alipomwuliza daktari wa mifugo, Hamdani Kirangi, kulikoni. Hamdani akajibu hewani kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

"Fahali huyu ni tasa," alisema.

Kipindi kilikuwa hakijaisha alipochukuliwa. Lakini hakushtakiwa, na hili nalisema kwa kujivunia. Nchi nyingine wangembambikia kesi. Sisi tulimweka kizuizini tu, uchunguzi ukiendelea. Alichunguzwa Hamdani, akachunguzwa na fahali, na wote wawili wakalishwa na serikali, ingawa fahali alilishwa vizuri zaidi. Miaka ikapita hivyo.

Hamdani alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Mwatima, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Bi Mwatima alikuwa na karakana ya mbao, na pia alikuwa mjumbe wa Baraza la Jimbo la Mabungo, mwanamke mrefu, asiyependa maneno mengi, mwenye tabia mbaya ya kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Kila mwisho wa mwezi alisafiri hadi mji mkuu kumpelekea mdogo wake chakula kwenye jengo ambalo lango lake lilikuwa na kibao kikubwa cheusi: KIZUIZI KIKUU CHA TAIFA.

Pale langoni alikutana na wanawake wa majimbo mengine, kila mmoja na hotpoti yake. Aliyekuwa mbele yao siku zote ni Mama Chonya, mjane aliyenyooka kama mlingoti. Mwanawe alichukuliwa kwa kukaa wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Kijana huyo alikuwa amefungwa plasta mguu mzima, jambo ambalo polisi walilitambua, wakamletea kiti cha magurudumu ili wamchukue kwa heshima.

Sasa, katika Katiba ya nchi ile kulikuwa na kifungu kilichoandikwa na waasisi zamani, walipokuwa bado hawajui nani atakuwa rais. Kilisema kwamba theluthi mbili ya majimbo yakitaka Katiba irekebishwe, mkutano wa majimbo yote utaitishwa, na si Rais wala Bunge watakaokuwa na uwezo wa kuuzuia. Hakikuwahi kutumika. Bi Mwatima alikipeleka langoni, akawasomea wenzake.

"Kwa hiyo wakubwa hawana la kufanya?" Mama Chonya aliuliza.

"Majimbo yakitosha, hawana."

"Na sisi hapa tunatoka majimbo mangapi?"

Wakaanza kuhesabiana pale pale, hotpoti zikiwa miguuni. Kila mwanamke akarudi kwao na sentensi moja mkononi, akaifikisha kwa wajumbe wa jimbo lake, akawafuata makanisani, misikitini, harusini na matangani, hadi wajumbe wakachoka kuwa na aibu. Sentensi ilisema: *Hakuna mtu atakayewekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani.* Hakuna kingine kilichoombwa. Majimbo yakatosha, kisha yakazidi.

Mtukufu Rais alipopata habari alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Kuna wabaya wetu waliodhani nitauzuia mkutano huu. Siwezi kuuzuia. Lakini onyesheni mahali Katiba iliponikataza kuukaribisha."

Tukatafuta, hatukupaona. Akaukaribisha. Akatoa ukumbi, akatoa wapishi, akatoa magodoro ya wajumbe, akatoa vitambaa vya sare, na kwa kuwa mkutano hauwezi kukaa bila mwenyekiti, akatoa na mwenyekiti. Alikuwa Profesa Gaudensi Lukomo, bingwa aliyewahi kuandika katiba za nchi tatu, ambazo zote sasa zinatawaliwa na majeshi yao.

Mimi nilipata kiti kwenye jukwaa la wananchi, na niliyoyaona nayasimulia bila chumvi, maana chumvi ilikuwa nyingi mno kwenye nyama.

Profesa Lukomo alifungua mkutano akiwa amevaa joho na kofia yenye shada.

"Waheshimiwa," alisema, "Katiba ni nani? Katiba ni mama. Mmenipa karatasi yenye sentensi moja. Nawauliza, mtu anaweza kumpeleka mama yake hospitali akawaambia madaktari, mtibuni jino tu, msimguse pengine? Na kama ana presha? Na kama ana sukari?"

Ukumbi ukatikisika kwa makofi. Wajumbe wengine walitoa leso, kwa kuwakumbuka mama zao.

Bi Mwatima akasimama. "Mwenyekiti, sisi tumetumwa jino."

"Mheshimiwa, kaa chini. Mama anaumwa."

Ikaamuliwa kwamba Katiba ipimwe mwili mzima. Kukaundwa Kamati ya Uchunguzi wa Jumla, Kamati ya Maumivu, na Kamati ya Lishe, ambayo iligombaniwa kuliko zote kwa sababu wajumbe wake waliingia chakulani kwanza. Kisha kila jimbo likakumbuka kwamba nalo lina mahitaji. Jimbo moja lilitaka ziwa lake liitwe bahari kikatiba, ili gavana apate jeshi la wanamaji. Jingine lilitaka magavana wote waitwe Watukufu Wadogo. Gavana wa tatu alitaka Katiba itamke kwamba alimaliza chuo kikuu. Yote yakapita. Siku ambayo Ibara ya Fahali ilifikishwa ukumbini, ikisema kwamba fahali wa Mtukufu Rais ni mzazi na atahesabiwa kuwa amezaa, wajumbe walisimama wakaimba, na hata wale wa Mabungo, majirani wa Bi Mwatima waliokuwa na majike yao yasiyo na ndama nyumbani, waliimba.

Naomba niseme kidogo kuhusu chakula. Kililetwa mara nyingi kwa siku kwenye hema nyuma ya ukumbi, na wajumbe walikula kama watu waliopewa habari kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku. Waliweka mapaja ya kuku mifukoni. Walifutia mikono kwenye rasimu. Nilimwona mzee mmoja mwenye heshima zake, jaji mstaafu, akichokonoa meno kwa pini ya beji yake ya ujumbe, kisha akaitazama ile pini, akairudisha kinywani. Alasiri ukumbi mzima ulinuka mchuzi uliolala. Wajumbe walisinzia, wakicheua walisema ndiyo, na mwandishi wa mkutano alizihesabu sauti zote kuwa kura.

Mwisho wa mwezi Bi Mwatima alikwenda kumwona mdogo wake. Walizungumza kama kawaida, kukiwa na wavu katikati na askari pembeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kifua?"

"Kipo." Hamdani alikohoa kwenye kitambaa, akakikunja haraka, lakini dada yake alishaona damu. "Mkutano unaendaje?"

"Jana tumempitisha fahali."

"Amepita?"

"Kwa kauli moja. Sasa ni mzazi."

Hamdani alicheka hadi akashika wavu kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda, vidole vilipita kwenye matundu bila kugusa. "Basi ndama watazaliwa kwa kura," alisema alipopata pumzi. Kisha akaachia wavu. "Na sisi?"

"Nyinyi bado. Mmewekwa kwenye mengineyo."

"Mengineyo huwa yanafika?"

"Huwa yanafika. Huwa ya mwisho, lakini yanafika."

Askari alitazama saa. Hamdani alichukua hotpoti, akaifungua kidogo, akanusa, akafunga.

"Dada," alisema, "kama inawezekana, waharakishe kidogo."

Hakuwahi kumwomba kitu tangu alipofungwa, hata blanketi. Bi Mwatima alitoka pale akiwa amesahau mkoba wake benchini, askari akamkimbilia nao.

Wakati huo kulikuwa na ibara moja iliyokuwa ikizungushwa vikaoni kwa unyenyekevu. Ilisema: *Rais atatawala kwa kipindi kimoja tu.* Wapenda mageuzi waliipigia makofi, kwani walishadai hivyo tangu ujana wao. Hawakusubiri mstari wa pili, uliosema kwamba kipindi hicho hakitakuwa na mwisho usio wa lazima. Ili ipite ilihitaji robo tatu ya majimbo, kila jimbo kura moja, ikipigwa na kiongozi wa ujumbe wake. Majimbo kadhaa yaliona haya. Palibaki pengo la kura moja, na kiongozi wa ujumbe wa Mabungo alikuwa Bi Mwatima.

Siku ya Jumatano, Waziri wa Majimbo, Mheshimiwa Kasiani Tembele, alimwita chakula cha mchana kwenye hema la wakubwa. Mazungumzo yao nayajua kwa sababu Tembele mwenyewe aliyasimulia baadaye kwenye karamu, akicheka, mbele ya watu wengi, na Bi Mwatima naye aliyasimulia langoni, bila kucheka, na hayakupishana neno.

Tembele alikuwa akifyonza uboho kwenye mfupa. "Karibu, dada yangu Mwatima."

"Mimi si dada yako, Mheshimiwa."

"Basi Mheshimiwa Mwatima. Kula. Hiki ni chakula cha Katiba." Aligonga mfupa kwenye sahani, akautazama kwa ndani. "Tumelizungumza suala la kijana wetu. Linatuuma. Tungependa lile jambo lenu litoke kwenye mengineyo lije mbele."

"Lije kama lilivyo. Neno lisiongezwe, lisipunguzwe."

"Hata nukta haitaguswa."

"Na Hamdani?"

"Kifungu chenu kikishapita, Hamdani hatakuwa kizuizini. Nakuapia. Siku hiyo hiyo. Hatakuwamo yeye wala mwingine yeyote. Utazunguka nchi nzima kwa tochi, hutakiona kizuizi."

"Na mnataka nini?"

Tembele alipangusa mdomo kwa upande wa nyuma wa mkono. "Ndiyo moja tu kutoka Mabungo. Kwenye kipindi kimoja."

Bi Mwatima alitazama sahani yake, ambayo hakuigusa. Mchuzi ulikuwa umeanza kuganda na kufanya utando. Aliwaza mengi ambayo mtu yeyote angeyawaza. Aliwaza nchi nzima, na aliwaza kitambaa kilichokunjwa haraka. Kisha akafanya kama alivyozoea kufanya na wanunuzi wa mbao wasioaminika.

"Chetu kwanza," alisema. "Kipite, mwenyekiti agonge nyundo, niione kwa macho yangu. Ndipo chenu."

"Chenu kwanza," Tembele alikubali, na akakubali upesi mno, huku akivuta mfupa mwingine.

Kura zilipigwa wiki iliyofuata. Kwanza Profesa Lukomo alisoma ile sentensi, na Bi Mwatima aliifuata kwa kidole kwenye karatasi yake, neno kwa neno. *Hakuna mtu atakayewekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani.* Hata nukta haikuguswa. Majimbo yote yakasema ndiyo, nyundo ikagongwa, na kule juu kwenye jukwaa wanawake wa langoni walipiga vigelegele hadi Mama Chonya, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, akafunika uso kwa upande wa khanga yake na mabega yakatikisika.

Kisha ikasomwa ibara ya kipindi kimoja. Majimbo yakaitwa moja baada ya jingine, na kwa kuwa Mabungo ni dogo, liliitwa mwisho.

"Mabungo?"

Bi Mwatima alisimama. Alisimama muda mrefu, hadi wapiga tarumbeta waliokuwa wamejaza pumzi mashavuni wakalazimika kuitoa na kuvuta nyingine.

"Ndiyo," alisema.

Tarumbeta zikalia. Wajumbe walikumbatiana, magavana walilia, mmoja alizimia kwa furaha karibu na meza ya maandazi. Nilimtazama Mama Chonya. Alikuwa ameondoa khanga usoni na anamtazama Bi Mwatima kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

Bi Mwatima hakusubiri zaidi. Alitoka kwenda dukani kumnunulia mdogo wake shati na viatu vya kurudia nyumbani, maana siku alipochukuliwa kule redioni alikuwa na viatu vyepesi tu. Kwa hiyo hakuwapo wakati sahani zilipoanza kugongana na Profesa Lukomo alipoomba dakika chache tu, waheshimiwa, tumalizie Jedwali la Tafsiri, mambo madogo madogo ya maana ya maneno. Alisoma kwa sauti ya haraka. "Bahari" maana yake ni pamoja na ziwa. "Shahada" maana yake ni pamoja na nia ya kuipata. "Kizuizi" maana yake ni jengo lenye kibao kilichoandikwa Kizuizi. Wajumbe wakajibu ndiyo, wengi wakiwa na wali mdomoni, na baadhi ya punje zilirukia kwenye joho lake. Mwisho wakaazimia kwamba, kwa kuwa mama bado anahitaji uangalizi, mkutano usifungwe kamwe.

Asubuhi yake tulikwenda langoni. Mimi nilisimama upande wa pili wa barabara, ambako ndiko wananchi wema husimama. Fundi alikuwa juu ya ngazi anamalizia kibao kipya, cheupe, chenye maua pembeni: NYUMBA YA WAGENI WA TAIFA. Chini yake, kwa herufi za mviringo, aliandika KARIBU. Askari walikuwa wale wale, ila juu ya magwanda walikuwa wamevaa mashati ya vitenge. Bunduki zilikuwa zile zile pia.

Bi Mwatima alifika na mfuko wa nguo na hotpoti. Wanawake walikuwa wamekwishakaa. Alikitazama kibao kwa muda, na nadhani alielewa kabla hajaambiwa, kwa sababu aliweka hotpoti chini taratibu kana kwamba imekuwa nzito.

"Ulisema ndiyo," Mama Chonya alimwambia. Hakuinua sauti.

"Nilisema."

"Kwa ajili ya mdogo wako."

"Kwa ajili ya wote, mama. Na kwa ajili ya mdogo wangu."

"Nani alitangulia?"

Bi Mwatima aliitazama hotpoti yake. Mama Chonya alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akageuza uso upande wa lango. Lakini alisogea kidogo kwenye mkeka, pakabaki nafasi. Bi Mwatima hakuikalia. Alikwenda kwa askari.

"Nimekuja kumchukua Hamdani Kirangi."

"Dada, hapa hachukuliwi mtu," askari alisema kwa adabu. "Hapa sasa wote ni wageni. Mgeni haondoki mpaka mwenyeji aridhike kwamba amekirimiwa vya kutosha, na mwenyeji ni Taifa."

"Basi nimwone."

"Kuonana kulikuwa haki ya waliozuiliwa. Hatuna tena waliozuiliwa. Mlipiga kura wenyewe."

"Mpelekee hata nguo. Na chakula chake. Mwambie dada yake yuko hapa."

Askari akaona haya, akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa ameshika kofia mkononi, na hakumtazama usoni.

"Mgeni wako ameaga," alisema.

Bi Mwatima aligeuka mara moja akaangalia barabara, huku na huku. "Ameelekea wapi? Ana kifua yule, hawezi kutembea mbali. Ametoka saa ngapi?"

Askari akaigeuza kofia mikononi. Fundi kwenye ngazi akaacha brashi ikidondosha rangi. Na Bi Mwatima, mkono bado ukiwa umeweka kivuli juu ya macho, akabaki hivyo akiangalia barabara ambayo hakuna mtu.

"Alimuaga nani?" aliuliza hatimaye.

"Sijui, dada."

"Lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita. Asubuhi."

Jumatano hiyo mchana yeye alikuwa hemani, na Tembele akifyonza mfupa mbele yake. Hapa naomba msomaji autambue uaminifu wa Mheshimiwa Tembele, maana watu wana tabia ya kuwasema vibaya mawaziri. Aliapa kwamba Hamdani hatakuwa kizuizini. Katika maneno yake yote siku ile hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Bi Mwatima hakulia wala kupiga kelele. Alikaa chini, pale kwenye nafasi iliyoachwa, na Mama Chonya bila kumtazama akaushika mkono wake, akauweka gotini kwake, akaushikilia pale. Kisha Bi Mwatima akamwambia askari, "Nipeni maiti nikamzike."

Askari akamleta mkubwa wake, ofisa mwenye shati la kitenge lililopigwa pasi na kitabu cha Katiba mpya kwapani, bado kinanuka wino.

"Pole sana, mama," ofisa alisema. "Tatizo ni kwamba mahabusu akifa hukabidhiwa ndugu zake. Lakini mgeni akifia ugenini, mwenyeji ndiye anayezika. Ni heshima. Yuko chumba cha baridi nyuma ya jiko, na atazikwa na Taifa siku Taifa litakapopata nafasi."

"Sitaondoka bila yeye."

"Nami sitaondoka bila wangu," alisema Mama Chonya, "na wangu bado anapumua."

Mwanamke mwingine akasema hivyo hivyo, na mwingine. Hakuna aliyesimama. Walifungua hotpoti zao wakala chakula walichokuwa wamewaletea watu wao, polepole, na walimpa Bi Mwatima, naye akala. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano ulipoanza nilimwona akitia kitu mdomoni. Jua likapanda. Watu wakaanza kusimama upande wetu wa barabara, wengi kuliko ofisa alivyopenda. Akaingia ndani kupiga simu.

Mkutano, ambao kama nilivyosema haufungwi, ulilipokea suala hilo kati ya chai na chakula cha mchana. Nimeambiwa mjadala ulikuwa wa hali ya juu. Profesa Lukomo aliwakumbusha wajumbe kwamba ukarimu ndio tunu yetu kuu, na kwamba ni aibu kwa taifa kuwaacha akina mama juani mbele ya nyumba ya wageni. Azimio likapita kwa kauli moja.

Ofisa alitoka tena akitabasamu. Nyuma yake lango kubwa, ambalo kwa miaka yote hiyo lilifunguliwa upande mmoja tu, lilifunguliwa pande zote mbili.

"Akina mama," alisema, "karibuni ndani. Nyote."

Walitazamana. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kukunja mkeka ili akimbie, na Mama Chonya alimwambia kwa upole, "Wewe nenda, mwanangu. Nenda ukasimulie," na askari mwenye kofia mkononi akageuka akatazama ukuta hadi yule msichana alipovuka barabara.

Bi Mwatima alisimama, akajipangusa vumbi. Alichukua mfuko wenye shati na viatu.

"Chumba cha baridi kiko nyuma ya jiko?" alimwuliza ofisa.

"Ndiyo, mama. Lakini utaratibu..."

"Nitahitaji maji na sabuni," alisema, "na kitambaa kisafi." Akapita mbele yake, akaingia wa kwanza. Mama Chonya akamfuata, na wengine wakafuata, wima, bila kusukumwa na mtu, na lango likafungwa nyuma yao kwa adabu.

Yule msichana alisimama karibu nami. Alianza kutusimulia, kuanzia mwanzo, kwa sauti iliyokuwa ikipanda. Ni kweli tulimsikiliza kidogo. Kisha, kwa kuwa gari la askari wa vitenge lilikuwa linakuja, na kwa kuwa sisi ni wananchi wema, tukaenda zetu nyumbani kusoma Katiba mpya. Ni kitabu kizuri. Kina jalada gumu, na huwezi kukuta neno baya hata moja ndani yake.